Gari Lisilosukumika: Kutoka Safari ya Graetz hadi Kisanga

Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz, aliyekuwa afisa katika jeshi la kikoloni, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, akikusudia kulivuka bara mpaka pwani ya Atlantiki. Aliwasili Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Vitabu humwita mtu wa kwanza kuivuka Afrika kwa gari, nami nimelirudia jambo hilo darasani kwa miaka mingi bila kulihoji. Sasa nasita. Gari lile lilivutwa matopeni na kupandishwa vilima kwa kamba na mabega ya Waafrika, na petroli yake ilitangulizwa njiani kabla halijafika. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa. Jina la dereva limebaki, ya waliosukuma hayapo.

Wasukumaji hao nimewakumbuka mwaka huu nikiwa Kisanga, kata ya wilaya ya Kilosa iliyo katika jimbo la Mikumi, alikozaliwa mama yangu na anakoishi hadi leo. Nilikwenda na gari jipya la haibridi, la juu kidogo, linalofaa barabara zetu. Nasema jipya kwa maana ya kwetu: lilikwisha kutumika Japani, ila lina namba E.

Miezi mitatu ya kwanza lilinifurahisha. Katika foleni za Dar es Salaam injini hujizima na gari hutambaa kwa umeme, na mafuta niliyozoea kuyatia kila wiki sasa hunichukua siku kumi. Barabara kuu haina nafuu kubwa kiasi hicho, kwani injini hufanya kazi karibu muda wote. Lakini ndani ya Hifadhi ya Mikumi, mahali ambapo sheria na matuta hutulazimisha kwenda taratibu, kila ninapokanyaga breki mwendo unaopotea hurudi kwenye betri. Niliwapita twiga kimya kimya, nikajiona nimeingia katika karne mpya.

Karne hiyo ilikatika asubuhi ya siku ya tatu. Shinikizo la damu la mama lilikuwa limepanda usiku na tulipaswa kumwahisha hospitali Mikumi. Nikabonyeza kitufe, gari halikuitika. Vijana walikuja mbio bila kuitwa, kama ilivyo desturi, wakashika nyuma. “Mwalimu, weka gia ya pili, achia tukishika kasi!” Gari la haibridi halina gia ya pili ya kuachia, wala magurudumu yake hayawezi kuiamsha injini kwa namna hiyo. Walisukuma mpaka kwenye mwembe, wakachoka, wakaniangalia. Fundi wa pikipiki aliinua boneti, akaona nyaya nene za rangi ya chungwa, akarudi nyuma hatua mbili. Alifanya vyema, maana nyaya hizo hubeba umeme unaoweza kuua.

Tatizo lilikuwa dogo hata linatia aibu. Mbali na betri kubwa ya kuendeshea, gari hilo lina betri nyingine ndogo ya volti 12, inayoamsha kompyuta zake na kuiruhusu ile kubwa ifunguke. Hiyo ndogo ilikuwa imelala, na muuzaji hakuwa amenieleza habari zake. Kijana mmoja wa bodaboda, baada ya kunisikiliza nikisoma kitabu cha maelekezo kwa sauti, aliuliza swali ambalo sikulifikiria: kama kazi yake ni kuamsha kompyuta tu, si kuzungusha injini, kwa nini betri ya pikipiki isitoshe? Ilitosha. Tulichelewa saa mbili na nusu. Mama alipimwa, akapewa dawa, jioni tukarudi naye nyumbani.

Nieleweke: simlaumu aliyebuni mashine hii. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko safari ya Graetz. Mwaka 1900 Ferdinand Porsche alikwisha kuunda gari ambalo injini yake ya petroli ilizalisha umeme wa kuzungusha magurudumu. Likasahauliwa kwa sababu petroli ilikuwa rahisi, hadi Toyota walipoanza kuuza Prius huko Japani mwaka 1997. Sisi tulikumbushwa mapema kwamba petroli si rahisi. Walioishi miaka ya shida, baada ya bei kupanda mwaka 1973 na tena baada ya Vita vya Kagera, wanakumbuka marufuku ya magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Nidhamu ile iliwagusa wachache, kwa kuwa wenye magari walikuwa wachache, lakini angalau iliwagusa wao.

Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984 magari yakaongezeka, na serikali nayo ikajipatia ladha ya mashangingi. Mizengo Pinda, akiwa Waziri Mkuu, aliyasema hadharani kwamba ni anasa isiyolingana na hali ya nchi. Yameendelea kupita. Huwaona wakija Kisanga na kuondoka vioo vikiwa vimefungwa, na ninawafahamu baadhi yao, ni wanafunzi wangu wa zamani.

Kwa hiyo ninaposikia watumishi wa umma wakipendekeza magari ya haibridi kwa ofisi za wilaya, nakubaliana nao kuhusu mafuta, kisha nawauliza nani atayafungua yakigoma Kilosa. Lori la Bedford lilijifunzwa chini ya mti: utingo alimtazama dereva, akawa dereva, akawa fundi. Elimu hiyo haikuwa na cheti, lakini ilifika vijijini. Nyaya za chungwa haziruhusu kujifunza kwa kukosea. Zinahitaji glovu maalumu, vipimo na mwalimu, na bajeti ya kununua magari bila bajeti ya hayo inatayarisha makaburi ya magari kwenye viwanja vya halmashauri. Chuo cha VETA kipo Mikumi, karibu kabisa. Fedha za shangingi moja zingeweza kununua vifaa vya kufundishia vijana wengi.

Yule wa bodaboda ana miaka 22 na aliishia kidato cha pili. Aliniuliza ninaweza kumwachia kile kitabu cha maelekezo. Kimeandikwa Kijapani, nami nilichokuwa nikisoma siku ile ni tafsiri ya Kiingereza niliyoichapisha. Nimekaa nayo wiki mbili sasa, naitia Kiswahili jioni baada ya kusahihisha mitihani. Nimefika ukurasa wa kichujio cha hewa ya betri kubwa, kilicho ubavuni mwa kiti cha nyuma. Changu nilipokifungua kilikuwa kimejaa vumbi jekundu la Kisanga.