Kweli inayouma nyumba yetu

Sisi tunaofundisha Wamaza, Kasongo na Kabambare tunapenda kusimulia ubaya wa biashara ya watumwa. Tarehe 15 Agosti 1888 Kardinali Lavigerie aliulaani mbele ya watu wa Bruxelles, katika kanisa la Sainte-Gudule. Wabeleji walimsikiliza, wakaunda chama cha kupinga utumwa. Lakini wenye kufanya biashara ile walikuwa mbali.

Mwaka 1893 askari wa mfalme Leopold II waliteka Kasongo. Waarabu walishindwa, lakini katika Kongo serkali ya mfalme ikawashurutisha watu kuleta mpira. Nani atasema? Mfalme alikuwa mkatoliki, tena aliyesaidia misioni.

Mwaka 1906 Padri Arthur Vermeersch, Mjezuiti, mwalimu wa teolojia huko Leuven, aliandika wazi kwamba kunyang’anya watu udongo wao na kuwatumikisha kwa nguvu ni udhalimu. Wakatoliki wengi wa nchi yake walichukizwa. Mwaka 1908 mfalme alitoa Kongo mikononi mwake.

Basi tukifundisha, tusianze kwa dhambi ya jirani Mwislamu. Kweli inayouma nyumba yetu ndiyo inayotupima kama twampenda Mungu kuliko heshima yetu.