Mwanga Uliochoma CD na Tumaini la Waliotaka Uongezeke

Skrubu ile ilikuwa ndogo kuliko punje ya ulezi. Ilikaa ubavuni mwa lenzi ya deki, na fundi wa Mtaa wa Mukendo, hapa Musoma, aliigusa kwa ncha ya bisibisi ya saa huku amebana pumzi. Akiizungusha kidogo, deki iliyogoma kusoma CD ilisoma tena. Akizidisha, lenzi ilikufa palepale. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, mama amenituma na deki ya nyumbani, na siku hiyo nilijua kwamba ndani yake kuna mwanga unaoweza kuongezwa nguvu.

Mafundi wetu kifaa kile chote wamekiita lenzi, na jina limeshika. Lenzi hasa ni kile kioo cha juu. Chini yake imejificha dayodi ya leza, ndogo kama chembe ya chumvi, na kazi ya skrubu ni kupunguza au kuongeza umeme unaoifikia. Dayodi iliyochoka ikiongezewa umeme hung'aa tena kwa muda, kisha huchakaa upesi zaidi. Fundi yule alimwambia mama hivyo bila kuficha. Mama akakubali, na jioni tukatazama CD ya harusi ya shangazi.

Dayodi hiyo ilikuwa imetoka mbali. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Marekani mwaka 1960, kwa fimbo ya rubi. Mwaka 1962 Robert Hall wa General Electric akapata leza ya dayodi, ila ilibidi ipoozwe kwa naitrojeni ya kimiminika. Mwaka 1970 ndio uliotufungulia njia: Zhores Alferov na wenzake mjini Leningrad, na Izuo Hayashi na Morton Panish wa Bell Labs, waliifanya iwake mfululizo katika joto la kawaida la chumba. Bila wao, hakuna deki ambayo ingeingia sebule yoyote ya Nyasho wala Bunda. CD za Sony na Philips zikaanza kuuzwa 1982, na DVD ikafuata 1996 kwa mwanga mwekundu.

Kusoma diski hakuhitaji nguvu. Miliwati chache zinatosha. Kuandika ndiko kunakotaka moto. Tunaposema "kuchoma CD" hatusemi kwa mafumbo: mwanga unaunguza kweli tabaka la rangi ndani ya diski, alama moja baada ya nyingine. Sasa tazama kasi. DVD ya kawaida ikichomwa kwa kasi ya 1 huchukua karibu saa nzima. Kwa kasi ya 16 hukamilika kwa dakika sita hivi. Muda wa kuunguza kila alama umepungua mno, kwa hiyo mwanga hauna budi kuwa mkali zaidi.

Hesabu hiyo iliwapa matumaini wapenzi wa elektroniki wa Marekani, Ulaya na kwingineko. Waling'oa dayodi nyekundu kutoka draivu za kompyuta, wakawashia njiti za kiberiti na kupasulia maputo. Kila draivu yenye namba kubwa zaidi ya kasi ilipotoka, walingoja miliwati zaidi: 100, kisha 200. Kwa miaka kadhaa walizipata.

Diski yenyewe ndiyo iliyowakwamisha. Plastiki ile ikifika mizunguko kama 10,000 kwa dakika huwa hatarini kupasuka, na draivu za CD ziliishia kasi ya 52. Blu-ray ilipoingia sokoni 2006 na mwanga wake wa zambarau, matumaini yalifufuka. Lakini 2010 Casio ilileta projekta zilizojaa dayodi za buluu, kila moja ikitoa karibu wati nzima, na mabingwa wa draivu wakahamia huko.

Kwetu kuchoma nakala kulikuwa riziki, na kwa msanii asiyelipwa kulikuwa kidonda. Mwaka 2013 serikali ilianzisha stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Naamini zilistahili kuja miaka kumi kabla, maana zilipobandikwa wateja walishaanza kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi. Leo deki zimerundikana chini ya meza za mafundi, na vijana wanazifungua kutafuta mota na sumaku. Nawasihi wasiwashe dayodi zake bila miwani maalumu. Mwanga wa CD karibu hauonekani, jicho halipepesi kujikinga, na wa draivu ya kuchomea hutoboa retina kabla mtu hajahisi chochote.

Blu-ray haikupata makazi Musoma. Ila Shuji Nakamura, Mjapani aliyetengeneza dayodi ya leza iliyoiwezesha, alikuwa ametangulia kutengeneza taa kali ya LED ya buluu mwaka 1993, kwa mata ileile ya galiamu na naitrojeni. Ukiipaka unga wa njano unaong'aa ukimulikwa, buluu hiyo hutoa mwanga mweupe. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, simama ufukweni Makoko utazame ziwani: palipokuwa pakiwaka karabai za mafuta ya taa, sasa wavuvi wa dagaa wanaelea na taa hizo, zimefungwa kwenye betri.