Kabla ya kuongeza mwendo, tujifunze kusimama

Samahanini kwa ukimya, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo naomba niweke siasa pembeni nizungumzie magari, na sababu ninayo.

Mdogo wangu ana gari dogo la Kijapani lenye turbo, lile umbo lisilo na buti ya kutokeza nyuma. Mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo chake. Ndilo linalompeleka kazini Jumatatu mpaka Ijumaa, ndilo linalombeba mama siku za kliniki, na Jumapili anataka alipeleke kwenye mashindano. Alilipeleka gereji moja wakamwongezea presha ya turbo, wakabadilisha ekzosi, wakakata springi ili gari likae chini. Breki hazikuguswa.

Mwezi uliopita tulikuwa tunateremka Kitonga tukitokea Iringa. Katikati ya mteremko pedeli ya breki ikaanza kuzama, kama mtu anakanyaga godoro. Tulinusurika kwa gia ndogo, breki ya mkono na dereva wa lori mmoja muungwana aliyetupisha. Tulipofika chini tulikaa kando ya barabara kimya. Kesho yake, nawaambieni ukweli, bwana mdogo akaniambia anatafuta fundi wa kumwongezea nguvu zaidi.

Sikugombana naye. Nilimwambia kwamba jambo analotaka kulifanya, yaani gari moja la kazini na la mashindano, wenzake wamelifanya kwa zaidi ya miaka 60, na nikamwahidi nitamwandikia walivyolifanya. Haya ndiyo hayo.

Tuanzie Uingereza. Mwaka 1959 kampuni ya BMC ilitoa Mini, gari lililobuniwa na Alec Issigonis. Kwa haki Mini ile haikuwa na mlango wa nyuma wa aina tunayoizungumzia, lakini ndiyo nyanya wa ukoo huu: ndogo, nyepesi, injini imelazwa kwa upana mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Injini yake ilikuwa ya cc 848 na nguvu za farasi 34 tu. Issigonis alikuwa anawaza gari la mtu wa kawaida la kwendea sokoni. Rafiki yake John Cooper, ambaye magari yake yalikuwa yamempa Jack Brabham ubingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1959 na 1960, aliiona kwa jicho jingine: gari hili linakata kona kuliko magari mengi ya gharama kubwa.

Mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper, cc 997, farasi 55. Kila mtu anakumbuka hizo farasi. Lakini msomaji, angalia kitu kingine walichokibadilisha palepale: breki za mbele. Waliondoa ngoma wakaweka diski, ndogo sana, za inchi 7, kwa sababu rimu zenyewe zilikuwa za inchi 10. Hawakumpa mteja nguvu bila kumpa namna ya kuizuia. Gari hilo na ndugu yake Cooper S lilishinda Monte Carlo Rally mwaka 1964 likiendeshwa na Paddy Hopkirk, 1965 na Timo Mäkinen, na 1967 na Rauno Aaltonen. Mwaka 1966 Mini zilishika nafasi tatu za kwanza zikanyang'anywa ushindi kwa sababu ya taa! Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sasa twende Ujerumani, ambako ndiko utamu wa hadithi ulipo. Mwaka 1973 mhandisi wa majaribio wa Volkswagen, Alfons Löwenberg, aliwaandikia wenzake wa idara nyingine barua fupi ya ndani: kwa nini tusitengeneze gari la michezo ambalo mtu wa kawaida anaweza kulinunua? Wengi hawakushtuka. Wachache wakapenda, akiwemo Hermann Hablitzel wa upande wa ufundi na Anton Konrad, mkuu wa mawasiliano na waandishi wa habari (naam, wa fani yetu hii). Wakawa wanakutana bila kibali rasmi, hata nyumbani kwa Konrad.

Gari lao la kwanza la majaribio, lililojengwa juu ya Scirocco, lilikuwa vurugu tupu. Kelele nyingi, springi ngumu, limelala chini kabisa. Lilikuwa, kwa maneno mengine, gari la mdogo wangu. Wakubwa hawakulipenda, na hao waliolitengeneza wenyewe waliona kwamba hakuna mtu atakayekubali kwenda nalo kazini kila asubuhi. Kwa hiyo wakarudi nyuma. Wakalilainisha, wakapunguza kelele, wakaongeza vyuma vya kuzuia gari lisilale kwenye kona (mafundi wetu huviita stebilaiza) mbele na nyuma, wakashusha gari kiasi tu, wakaweka matairi mapana zaidi, na breki za mbele wakazipa diski zenye nafasi ya kupitisha hewa katikati ili zipoe haraka. Injini ya cc 1600 ikawekewa mfumo wa kupuliza mafuta wa Bosch, ikatoa farasi 110.

Mwaka 1975 uongozi ukakubali, na mwezi Septemba gari likaonyeshwa Frankfurt kwa jina la Golf GTI. Lilianza kuuzwa Juni 1976. Mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 182 kwa saa, wakati ambapo gari la namna hiyo lilitegemewa kubeba watoto na mboga. Vitambaa vya viti vyenye mirabaraba na kichwa cha gia mfano wa mpira wa gofu vilikuwa kazi ya mwanamama Gunhild Liljequist. Kampuni ilipanga magari 5,000. Kufikia mwisho wa toleo la kwanza mwaka 1983 yalikuwa yameuzwa zaidi ya 450,000.

Kwa nini Wajerumani walilipenda hivyo? Sababu moja ni kwamba wana mahali pa kulipeleka. Uwanja wa Nürburgring, ule mzunguko wa kaskazini wenye urefu wa karibu kilomita 21 uliofunguliwa mwaka 1927, siku ambazo hauna mashindano wala majaribio unaweza kuwa barabara ya kulipia kama nyingine. Unalipa getini, unaingia na gari lako lenye namba, unaendesha upande mmoja, na sheria za barabarani zinakuhusu. Ukimaliza unarudi nyumbani na gari lilelile. Lakini huko huko Ujerumani, ukibadilisha springi au rimu bila idhini inayotakiwa na wakaguzi, gari linaweza kupoteza kibali cha kutembea barabarani. Uhuru na ukaguzi vinakwenda pamoja.

Na sisi Afrika Mashariki tumo katika hadithi hii. Mwaka 1986, baada ya Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto kufa huko Corsica wakiwa kwenye Lancia Delta S4, magari makali kupita kiasi ya Kundi B yalipigwa marufuku. Kuanzia 1987 ubingwa wa dunia wa rally ukawa wa magari yaliyo karibu zaidi na yale yanayouzwa madukani. Kampuni ilitakiwa itengeneze 5,000. Lancia wakachukua Delta yao ya milango mitano, gari la familia, wakaipa turbo na magurudumu manne yanayovuta. Toleo la Integrale lilipofuata, matao ya magurudumu yalitanuliwa ili matairi na breki kubwa zaidi vipate nafasi. Miki Biasion alishinda Safari Rally nayo mwaka 1988 na 1989, na Juha Kankkunen 1991. Kenya ile yenye mawe na tope! Hata Toyota walipotoa GR Yaris mwaka 2020, gari la silinda tatu na cc 1600, diski za mbele walizipa kipenyo cha milimita 356, karibu mara mbili ya zile za Mini.

Umeona, bwana mdogo? Kila ukoo ulioongeza nguvu uligusa na breki.

Na sababu yake ni hesabu ya shuleni. Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari la kilo 1,000 likisimama kutoka kilomita 180 kwa saa, breki zinabeba joto mara tisa ya lile la kusimama kutoka kilomita 60, wala si mara tatu. Joto hilo linaingia kwenye diski, pedi, na mwisho kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yanafyonza unyevu wa hewa, na yakishanyonya maji ya kutosha kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo ile pedeli ya Kitonga.

Springi zilizokatwa nazo zina kesi yake. Springi fupi huwa ngumu zaidi, inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia, na shokapu inabaki bila nafasi ya kufanya kazi. Kwenye barabara zetu tairi linaruka badala ya kushika lami, na tairi lililo hewani halifungi breki.

Pedi za mashindano tupu nazo si jibu, maana nyingi hazishiki vizuri zikiwa baridi, na asubuhi ya kliniki ya mama breki zinakuwa baridi. Anayetaka gari moja kwa kazi mbili atafute pedi za katikati, kama akina Löwenberg walivyotafuta springi za katikati. Aanze na mafuta mapya ya breki, pedi, matairi mazuri, kisha shokapu, bushi na springi zinazoendana. Nguvu ije mwisho.

Nilimsomea haya juzi jioni, mama akiwa jikoni anasikia. Hakusema nimeshinda. Aliuliza tu mafuta ya breki yanabadilishwa kila baada ya muda gani. Nikamwambia kila miaka miwili, na kabla ya mashindano. Akauliza yake yana umri gani. Hakuna anayejua, gari lilikuja na meli.

Jumamosi tunayamwaga. Springi za kiwandani ameshaanza kuzitafuta. Wadau mnaojua magari, karibuni mnikosoe.