Ukoo wa Wapanda Farasi wa Nakhchivan

Julai 1827, kando ya mto Aras, Ehsan Khan aliwafungulia Warusi lango la ngome ya Abbasabad. Ngome ilikuwa ya Waajemi, naye alikuwemo ndani akiongoza askari wa Nakhchivan, eneo la Azabajani ya leo, waliotakiwa kuilinda. Wapo wamwitao msaliti. Lakini baba yake, Kalbali Khan, alikuwa ametobolewa macho kwa amri ya Agha Mohammad Khan, mwasisi wa ufalme wa Qajar, na mtoto aliyelelewa na kipofu wa namna hiyo hasahau. Mkataba wa Turkmenchay wa 1828 ukaitia Nakhchivan mikononi mwa Urusi, na baadaye Ehsan Khan akavishwa cheo cha jenerali.

Tangu hapo ukoo huu uliishi juu ya tandiko la farasi. Mwanawe Ismail Khan alizingirwa na Waosmani katika ngome ya Bayazet mwaka 1877, siku 23 za kiu na njaa katika joto la kiangazi, na ngome haikuanguka. Ndugu yake, aliyeitwa Kalbali Khan kama babu, naye alifikia ujenerali.

Kwa huyu Kalbali wa pili alizaliwa Huseyn Khan, mwaka 1863. Alipelekwa St. Petersburg katika chuo cha kijeshi cha watoto wa makabaila, akahitimu 1883 na kuingia rejimenti ya farasi ya Walinzi wa Tsar. Alimwoa Sophia, binti wa Nikolai Gerbel, mshairi na mfasiri, wakajaliwa watoto watatu. Katika vita na Japani aliongoza wapanda farasi wa Dagestan na kutunukiwa nishani ya Mtakatifu George. Mwaka 1906 alikabidhiwa rejimenti ile ile aliyoanzia, naye ni Mwislamu, katika dola ambayo mfalme wake alikuwa ndiye mlinzi wa Kanisa la Othodoksi. Baadaye akawa jenerali msaidizi wa Tsar, Mwislamu pekee aliyepata kuvaa heshima hiyo.

Tusimpambe kupita kiasi. Agosti 1914, huko Prussia Mashariki, farasi wake walishinda Kaushen kwa gharama kubwa ya damu, kisha akawaondoa ili wapumzike na kujaza risasi. Kesho yake, Wajerumani walipopambana na Warusi huko Gumbinnen, ubavu wa jeshi lake ulibaki wazi. Lawama hiyo naiona ya haki. Hata hivyo alipandishwa, na mwaka 1916 akawekwa juu ya kikosi kikuu cha farasi wa Walinzi.

Machi 1917 Tsar Nicholas II alijiuzulu. Makamanda wakuu walikuwa wamemshauri aondoke. Ni majenerali wawili tu waliokumbukwa kwa telegramu za utii, Fyodor Keller na Huseyn Khan. Watafiti hubishana kama hii ya pili aliiandika mwenyewe au iliandikwa na mnadhimu wake mkuu. Kwangu mimi, ubishi huo haubadilishi jambo: ilikwenda kwa jina lake, na jina hilo ndilo Wabolsheviki walilolikamata 1918. Alifungwa Petrograd, gereza moja na wana wa ukoo wa kifalme. Inaaminika aliuawa Januari 1919.

Kaka yake Huseyn, Jafargulu Khan, alikuwa na mtoto, Jamshid. Kwa hesabu yetu Huseyn alikuwa baba yake mdogo. Jamshid alichagua njia nyingine: alipigana katika vita ya kwanza ya dunia chini ya Tsar, kisha akawa kamanda na mwalimu katika Jeshi Jekundu. Mwaka 1938 dola hiyo hiyo ya Kisovieti aliyoitumikia ilimpiga risasi.

Leo Baku ina shule ya kijeshi, iliyoanzishwa 1971, yenye jina la Jamshid Nakhchivanski. Huseyn Khan hana kaburi linalojulikana.