Ngoma za Katuni Unazozijua Zote: Aliyezipiga Ni Nani?

Paka katinga suti nyeusi, anapanda jukwaani, anainamia watu kwa heshima kisha anakaa kwenye piano. Ndani ya piano kuna panya kalala usingizi wake. Hapo kama ulikua na Tom & Jerry, kichwani muziki umeshaanza kupiga wenyewe. Mtu hajawahi kukanyaga ukumbi wa okestra maisha yake yote, lakini ile ngoma anaijua mwanzo mwisho. Muulize sasa inaitwaje. Kimyaaa.

Inaitwa Hungarian Rhapsody namba 2. Kaitunga Franz Liszt, mzaliwa wa Hungaria aliyefariki mwaka 1886. Katuni yenyewe ni The Cat Concerto ya 1947, na ilibeba Oscar kabisa. Jina la Scott Bradley, mtu wa muziki wa Tom & Jerry, lipo pale mwanzoni. Lakini aliyekaa studio akapiga ile piano, ambaye vidole vyake ndivyo vilivyomfanya Tom aonekane fundi? Jina lake hakuna.

Mtu atasema zamani ndivyo ilivyokuwa. Sio kweli. Mwaka 1953 ikatoka Johann Mouse, Tom & Jerry hao hao, na mpiga piano Jakob Gimpel akaandikwa jina mwanzoni mwa katuni. Kumbe nafasi ya kuandika jina ilikuwepo. Ilikuwa ni suala la kuamua tu nani aandikwe na nani aachwe.

WAFU HAWADAI PESA

Kwa nini katuni za zamani zimejaa muziki wa watu waliokufa kitambo? Sababu moja ni mfuko. Hakimiliki ya kazi ikishaisha muda wake, mtunzi hadai na warithi hawadai. Studio inalipa okestra yake tu, mchezo umeisha.

Ndio maana mwaka 1950 Bugs Bunny alimnyoa Elmer Fudd kwa muziki wa The Barber of Seville, opera ya Gioachino Rossini ya mwaka 1816. Mwaka 1957 ikaja What's Opera, Doc?, ambapo kazi za Richard Wagner, jamaa ambaye opera zake zinakukalisha kwenye kiti masaa na masaa, zilibanwa zikaingia kwenye katuni isiyofika hata dakika 8. Mpaka leo kuna watu wazima wanaoijua Ride of the Valkyries kwa maneno ya Elmer ya kumuua sungura, basi.

Ila tusiwaonee. Haikuwa ubahili peke yake. Watazamaji wa Marekani wakati huo walizijua hizo ngoma, na utani ulikuwa hapo hapo: muziki wa watu wenye heshima zao, kachezewa na sungura.

JAMAA ALIYEUZA NGOMA YAKE

Nyuma ya katuni za Warner Bros. alikuwepo Carl Stalling. Huyu alianzia kupiga kinanda kwenye kumbi za filamu zisizo na sauti huko Kansas City. Picha inapita, yeye anapiga kinachoendana nayo. Akapita kwa Walt Disney, halafu kuanzia 1936 hadi 1958 akawa Warner, na muziki wa katuni takribani 600 ukapita mikononi mwake.

Stalling alikuwa na bahati moja kubwa. Warner walimiliki kampuni za kuchapisha nyimbo, kwa hiyo alikuwa na ghala zima la kuchota. Mwanamke wa gauni jekundu akipita, anachomeka wimbo wenye jina la mwanamke wa gauni jekundu. Watu wakienda kula, anachomeka wimbo wa chakula. Ukijua majina ya nyimbo, unacheka mara mbili.

Ndani ya ghala hilo ndimo ilimokuwa Powerhouse. Jina huenda hulijui, ila sauti unaijua: ile inayopigwa kwenye kiwanda, mitambo inasukuma na kubamiza, mkanda unatembea na mtu juu yake hajui anapelekwa wapi. Watu wengi wanaamini ilitungwa kwa ajili ya katuni. Wapi! Ilirekodiwa mwaka 1937 na Raymond Scott, mtoto wa Brooklyn, na kundi lake aliloliita la watu watano wakati walikuwa sita. Mwaka 1943 akawauzia Warner haki za uchapishaji, na mwaka huo huo Stalling akaanza kuitumia. Ikaingia kwenye makumi ya katuni.

Lakini kwenye skrini jina lilikuwa la Stalling. Vizazi na vizazi vimekua na Powerhouse kichwani bila kumjua Scott. Alifariki mwaka 1994, miaka michache tu baada ya watu kuanza kumtafuta upya, kipindi ambacho katuni ya The Ren & Stimpy Show nayo ilikuwa inazitumia rekodi zake.

MGOMO WA 1958

Mwaka 1958 wanamuziki wa studio za filamu Marekani waligoma kwa sababu ya malipo. Okestra hakuna. Warner wana katuni za kutoa. Wakafanyaje?

Wakaenda kwenye muziki wa maktaba. Hii ni biashara ya vipande vilivyorekodiwa tayari na kupangwa kwa hali: hiki cha kukimbizana, hiki cha woga, hiki cha asubuhi yenye furaha. Unalipia, unachukua, unabandika kwenye picha. Kampuni ya Capitol ilikuwa na maktaba yake iitwayo Hi-Q, na katuni 6 za Warner za mwaka huo zikavalishwa muziki huo. Kwenye skrini likaandikwa jina moja, John Seely, mtu wa Capitol. Watunzi wengine ambao vipande vyao vimo humo hawakutajwa.

Ukiziangalia leo unalisikia pengo. Kwa Stalling, mhusika akiteleza, muziki unateleza naye. Kwenye hizi sita, mhusika anadondoka huku muziki unatembea zake kama vile haujaona kitu. Hata hivyo njia ilishafunguka. Hanna na Barbera, walipohamia kwenye katuni za bei nafuu za televisheni kama The Huckleberry Hound Show, nao walichota kwenye maktaba hiyo hiyo.

SHAZAM INAPOGOMA

Miaka 40 baadaye ikaja SpongeBob SquarePants, mwaka 1999, nayo imejaa muziki wa maktaba. Mtu akiisikia gitaa ya Hawaii anakimbilia Shazam, mara nyingi anaambulia patupu. Shazam inalinganisha rekodi na rekodi. Kama rekodi haimo kwenye hifadhi yake, au Patrick anapiga kelele juu ya muziki, haina cha kushika. Ndio maana kuna mashabiki wanaokesha kwenye tovuti za maktaba, wanasikiliza kipande kimoja baada ya kingine mpaka wakipate.

Unaweza kuona ni kazi ya wasio na kazi. Lakini kwenye televisheni jina la mtunzi ni pesa. Kila kipindi kina karatasi inayoorodhesha kila kipande cha muziki, mtunzi wake na sekunde kilizopigwa, na kwa karatasi hiyo mirabaha inagawanywa. Jina lisipoandikwa, au likiandikwa la mwingine, hela inapotea njia.

SIKU WATU WALIPOLIDAI JINA

Mwaka 2001, kwenye kipande cha Band Geeks, Squidward anasubiri kuaibika mbele ya uwanja mzima. Badala yake SpongeBob anafungua mdomo, linatoka rock la kusimamisha nywele: Sweet Victory. Nalo lilitoka maktaba. Walitunga David Glen Eisley na Bob Kulick, na sauti ni ya Eisley. Watoto dunia nzima waliimba na sauti ya mtu wasiyemjua.

Novemba 2018, muasisi wa SpongeBob, Stephen Hillenburg, akafariki. Mashabiki zaidi ya milioni 1 wakasaini kuomba Sweet Victory ipigwe kwenye Super Bowl kumuenzi. Februari 2019 siku ikafika, Squidward akatokea sekunde chache tu, halafu wakakatiza akaingia Travis Scott. Watu waliwaka! Ila katika ule ule moto, wengi walijiuliza kwa mara ya kwanza: hivi aliyeimba hii ngoma ni nani? Jina la Eisley likaanza kutafutwa, karibu miaka 18 baada ya sauti yake kufika kila sebule.

Kulick alifariki mwaka 2020, akiwa ameshaona ngoma yake inadaiwa na watu zaidi ya milioni 1. Yule wa piano ya Tom hakupata hata hiyo. Mtoto atakayewasha The Cat Concerto leo atamuona paka anainama, atasikia piano ya mtu fundi kweli kweli, na makofi yote yatakwenda kwa panya.

Wewe ngoma gani ya katuni haijawahi kukutoka kichwani, na aliyeipiga unamjua?