Mkoa wa Cabo Delgado

Cabo Delgado ni mkoa wa Msumbiji uliopo kaskazini mashariki kabisa mwa nchi. Mto Ruvuma unautenganisha na Tanzania. Makao makuu ni Pemba, mji wa bandari usiopaswa kuchanganywa na kisiwa cha Pemba cha Zanzibar.

Wakazi

Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu takriban watu milioni 2.3. Lugha kuu ni Kimakua, Kimakonde na Kimwani. Kimwani huzungumzwa pwani na kinafanana sana na Kiswahili. Lugha rasmi ni Kireno.

Vita tangu 2017

Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walishambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Wenyeji huwaita Al-Shabaab, lakini ni kundi tofauti na lile la Somalia. Oktoba 2020 walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 walivamia Palma, na mradi mkubwa wa gesi asilia ukasimamishwa. Kufikia mwaka 2022 karibu watu milioni 1 walikuwa wameyahama makazi yao.

Julai 2021 yaliingia majeshi ya Rwanda, kisha ya SADC, yakiwemo ya Tanzania. Mocímboa da Praia ilikombolewa Agosti mwaka huo, na wakazi wengi wamerejea. Hata hivyo, Mei 2024, wakati kikosi cha SADC kikijiandaa kuondoka, mji wa Macomia ulivamiwa tena.

Usalama wa wasafiri

Hali hutofautiana kati ya wilaya na wilaya. Mji wa Pemba umekuwa na utulivu zaidi kuliko wilaya za kaskazini. Soko kufunguliwa tena katika mji fulani hakumaanishi kwamba njia ya kuufikia ni salama: barabara ya N380, inayopita Macomia, imeshambuliwa mara kadhaa.

Anayelazimika kusafiri anashauriwa:
* kuulizia habari za karibuni za kila kipande cha njia, si za mji anaokwenda tu;
* kutosafiri usiku;
* kubeba pasipoti na kuwaachia jamaa ratiba yake;
* kutopiga picha askari wala vizuizi vya barabarani;
* kujikinga na malaria, na kufuatilia utabiri wa hewa kati ya Novemba na Aprili, majira ya vimbunga. Kimbunga Kenneth kiliupiga mkoa huu Aprili 2019.