Nyumba ya Mchoraji Mmoja

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara kuu iendayo Zambia huachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo hupita. Abiria wa mabasi hushuka kula, na katika mkahawa mmoja karibu na stendi imetundikwa picha ya twiga wawili waliopindana shingo, rangi zake kali kama za kanga mpya. Nilimwuliza kijana aliyeniletea chai iwapo aijua picha ya namna hiyo. "Ni tingatinga, mzee." Nikamwuliza, Tingatinga ni nani? Akacheka, akaninyooshea kidole mtambo wa kuchonga barabara uliokuwa umeegeshwa ng'ambo.

Simlaumu. Mtindo umemmeza mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, na ujanani alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Sisi wa Njombe safari ya mkonge hatuna haja ya kuelezwa. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, na Wabena wa rika la baba zetu waliondoka makundi kwa makundi kwenda kuwa manamba, watu wa kuhesabiwa kwa namba. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli, wengine hawakurudi. Ndiyo maana kila nisomapo habari za mchoraji huyu namwona kwanza katika kundi hilo, kabla sijamwona na brashi.

Alipoanza kuchora, mnamo 1968, alikuwa mtu mzima wa miaka 36 asiyepata kukanyaga shule ya sanaa. Alichukua vipande vya hadibodi vya mraba, upande wa sentimita 60 hivi, na rangi za kung'aa zilizotumika kupaka baiskeli. Mkewe, Agatha, alizipeleka picha kuuza penye maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mtaa wa wageni, na wageni wakazinunua. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akiwa garini, wakimdhania mhalifu anayetoroka. Kazi yote hiyo ilikuwa ya miaka minne tu.

Miaka kadhaa iliyopita, kazi ya tafsiri ilinifikisha Amsterdam, nami nikaingia katika jumba la makumbusho la Vincent van Gogh. Lilifunguliwa 1973, mwaka mmoja baada ya kifo cha Tingatinga. Humo mna picha zaidi ya 200 za mtu mmoja, nawe hupita ukimwona akijifunza: mikono ya wakulima isiyokaa sawa, viatu vikuukuu, kisha ghafla rangi ya njano. Nilisimama zaidi mbele ya barua zake. Mtu huyo naye alianza ukubwani, akachora kwa miaka kumi hivi, akafa 1890 bila ya kupata soko. Mdogo wake Theo, aliyekuwa akimlisha, alifariki 1891, na mjane wa Theo, Johanna, akabaki na mtoto mchanga na nyumba iliyojaa picha zisizotakiwa na mtu. Aliuza baadhi kwa uangalifu, nyingi akazitunza, na mwaka 1914 akazichapisha zile barua. Mwanawe ndiye aliyezikabidhi picha kwa wakfu, mwaka 1962.

Hapo ndipo lilipo jambo lililonikosesha usingizi usiku ule. Van Gogh ana nyumba kwa kuwa alikosa wanunuzi. Tingatinga hana kwa kuwa aliwapata. Kila picha iliyotoka mkononi mwake iligeuka unga na kodi ya chumba, ikapanda ndege na mwenye nayo. Asije mtu akadhani namlaumu Agatha. Johanna alikuwa na ukuta wa kutundikia. Agatha alikuwa na chungu cha kuinjika.

Wanafunzi na jamaa zake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika palepale Oyster Bay. Ni jambo jema, lakini soko si makumbusho: pale twiga wa leo huchorwa ili aondoke kesho. Atakaye kumtazama mchoraji mwenyewe akijifunza, toka ubao wa kwanza hadi wa mwisho, atauanzia wapi mwendo huo? Wala barua hakuacha, kama ambavyo manamba wetu hawakuacha.

Nilipokuwa nalipa chai, mwenye mkahawa alinieleza kuwa picha ile iliachwa na kijana mmoja aliyeshuka kutoka basi la Dar es Salaam, akaitoa kwa sahani mbili za wali na nauli ya kumfikisha Songea. Jina hakulikumbuka. Niliinama kutazama pembe ya chini, mahali ambapo wachoraji hutia majina yao. Palikuwa na majani mabichi, yaliyochorwa vizuri sana, na vumbi la barabara.